Uzi Mwekundu kwenye Jedwali la Anwani

Saa mbili na nusu asubuhi, kabla hata hajavua koti, Mama Pacha aligundua kwamba kuna mtu ameingia kwenye faili lake na kulifyeka.

Halikuwa faili la kuringia. Lilikuwa na mistari mia sita na ushei ya msimbo, maelezo mafupi yasiyo na adabu ("Usiguse hapa kama hujui unachofanya"), na juu kabisa, kama desturi ya ofisi ile ilivyotaka, jina la mlezi wake. Kila faili pale lilikuwa na mlezi. Mlezi ndiye anayejibu mambo yakiharibika, na hakuna programu iliyotoka mlangoni kwenda kwa mteja kabla kila mlezi hajaidhinisha faili lake. Hili Mama Pacha alikuwa amelilea miaka minne. Sasa lilikuwa na mistari mia na tisini.

"Umeliona?" Sauti ilitoka nyuma ya skrini ya jirani. Ilikuwa ya Msanifu, kijana mwenye shahada mbili na viatu vyeupe visivyojua vumbi, aliyeajiriwa miezi mitano nyuma ili achore upya ramani ya programu nzima. "Nimelisafisha mwishoni mwa wiki. Usinishukuru, dada."

"Sikuwa na mpango huo."

Alivua koti, akakaa, akaanza kusoma kilichobaki.

Kampuni yao ilitengeneza programu ya kuigawa kompyuta moja kubwa ifanye kazi kama kompyuta nyingi ndogo. Ile kubwa, ya chuma na feni za kupiga kelele, waliiita mwenyeji. Zile ndogo za kubuni, ambazo kila moja hujiona iko peke yake duniani, waliziita wageni. Kila mgeni hutaka vifaa vyake, diski ya kuandikia, kadi ya mtandao na kadhalika, na kila kifaa hupachikwa kwenye nafasi yenye namba. Nafasi zilikuwa thelathini na mbili. Namba ya nafasi ndiyo anwani ya kifaa: mgeni akitaka kuandika kwenye diski haiiti kwa jina, hubisha hodi kwenye namba. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujua nani anakaa wapi, na mtu huyo alikuwa faili la Mama Pacha.

Katika jedwali lake, kila nafasi ilikuwa na hali moja kati ya tatu: wazi, imekaliwa, inahama. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa imepotea. Msanifu alikuwa ameviringisha nafasi zote thelathini na mbili ndani ya namba moja, biti moja, yaani tarakimu ya sifuri au moja, kwa kila nafasi: sifuri ni wazi, moja ni imekaliwa. Baiti nne tu. Mama Pacha alikiri moyoni kwamba ilipendeza, kama sufuria mpya ambayo bado haijapikiwa.

"Inahama iko wapi?" aliuliza.

"Haipo. Kifaa kipo au hakipo, dada. Hakuna cha nusu-nusu."

"Ukimwambia mgeni aachie diski, anaachia saa ile ile?"

"Anaachia kufumba na kufumbua. Nimepima."

"Umepima kwa mashine ya hapa ofisini, haina kazi yoyote, imekaa inakungoja wewe. Mgeni mwenye shughuli anamalizia kwanza kuandika alichokuwa akiandika, ndipo anajibu kwamba ameachia. Wewe unaifungua nafasi pale unapotuma ombi. Hujangoja jibu."

Msanifu alizungusha kiti chake taratibu, kama mtu anayemgeukia mtoto. "Na mgeni asipojibu kabisa? Ile hali yako ya tatu inaganda hapo milele. Nimekuta nafasi zimeganda wiki tatu. Hiyo ndiyo unayoitetea?" Akatabasamu kuelekea meza nyingine. "Haya ndiyo mambo ya diploma."

Watu wawili walicheka, mmoja akajifanya anakohoa.

Diploma ndilo jina walilompa ofisini, zamani nyuma ya mgongo wake, siku hizi hata usoni. Chumba kizima cha watu kumi na mmoja, yeye peke yake hakuwa na shahada. Alisoma chuo miaka miwili, akapata diploma na pacha mwaka mmoja, na mpaka leo hakuwa na uhakika kipi kati ya hivyo kilimfundisha kazi.

"Hilo la kuganda umesema kweli," alimjibu. "Nitalitengeneza. Lakini hili sitaliidhinisha."

*

Meneja alimwita kabla ya saa sita. Alikuwa mtu wa kupenda amani mpaka inakera. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili vya wageni, kimoja kibovu, na kila mtu alijua ukioneshwa kile kizima basi kuna jambo. Alimwonesha kile kizima.

"Mama Pacha, Ijumaa tunakabidhi kwa maabara."

"Najua."

Mteja alikuwa maabara kuu inayotunza majibu ya vipimo vya wagonjwa, damu, mkojo, nyama za uvimbe. Majibu yote yangekaa kwenye diski za hao wageni wa kubuni.

"Walezi wote wameidhinisha isipokuwa wewe." Meneja alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza huku ameifunika nusu kwa kiganja. "Barua yako ya kuthibitishwa kazini. Miaka minne ya mikataba ya miezi sita sita, nafikiri inatosha. Sitaki kusema hivi vitu viwili vinahusiana."

"Basi usiseme."

"Nasema tu viko kwenye meza moja."

Mama Pacha aliitazama ile karatasi. Aliona nembo ya kampuni na herufi mbili za mwanzo za jina lake. Hakuinyooshea mkono.

"Bosi, diski ya zamani bado inaandika majibu ya mgonjwa. Jedwali linasema nafasi iko wazi. Inakuja diski mpya, inapewa namba ile ile. Mgeni anabisha hodi hapo, anafunguliwa na nani?"

Meneja alikuna shingo. "Msanifu anasema haiwezi kutokea."

"Msanifu anasema hajaona ikitokea. Ni maneno tofauti."

"Nipe ushahidi basi. Alhamisi saa nne. La sivyo nitalazimika kubadilisha jina la mlezi, na hii," alirudisha karatasi kwenye droo, "itarudi ilikotoka."

*

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukumbi mwembamba, chini ya ubao wake wa funguo, akichambua mchele kwa ukali kana kwamba kila punje imemkosea. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyumba sita vya kupangisha, na ubao ulikuwa na misumari sita. Ufunguo ukining'inia, chumba kiko wazi. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu. Na msumari wa nne, jioni ile, ulikuwa umefungwa uzi mwekundu.

"Uso huo umeutoa wapi?" mama mkwe aliuliza.

Mama Pacha alimsimulia kuhusu Ijumaa, barua na droo. Alipofika kwenye barua, mama mkwe aliacha kuchambua.

"Umepewa barua ya kazi ya kudumu ukakataa?"

"Sijakataa barua, mama. Nimekataa kuidhinisha."

"Idhinisha! Hao si ndio wenye kompyuta zao? Ziharibike wao walie. Wewe una watoto wawili waliokuja siku moja na viatu vinawabana siku moja. Kiburi hakivaliwi miguuni."

"Si kiburi."

"Ni nini kama si kiburi? Kimekukera nini hasa hicho walichokitoa?"

Mama Pacha alichoka ghafla. Aliinua kidole, akaonesha ubao. "Huo."

"Huo upi?"

"Huo uzi. Miaka minne iliyopita nilipopewa kazi ya kupanga zile anwani, nilikuja hapa nikatazama ubao wako, nikaiga. Wazi, kuna mtu, na uzi kwa aliyeaga. Sasa kijana mmoja ameona uzi ni uchafu, ameukata."

Mama mkwe aliweka ungo chini. Uso wake ulibadilika polepole, kama maji yanayokaribia kuchemka.

"Ameukata uzi wangu?"

"Ameukata."

"Kwa hiyo mtu akisema tu anahama, kwake chumba ni wazi?"

"Pale pale."

"Huyo mtoto amewahi kupangisha hata banda la kuku?" Mama mkwe alisimama. Magoti yalilia, hakuyasikiliza. "Hukumbuki fundi cherehani? Aliniaga asubuhi, anahama leo. Nikampa chumba yule mwalimu wa hesabu. Mwalimu anaingia na godoro kichwani, anamkuta fundi amelala na bukta, cherehani katikati ya chumba, vitambaa vya watu kila mahali! Siku mbili wanagombania kitanda kimoja. Sare za watoto wa shule zikachanganyika na karatasi za mitihani, mpaka leo kuna mzazi ananidai sketi. Mtu kuaga si kuhama. Mtu amehama ufunguo ukirudi kwenye msumari huu hapa!" Aliupiga ubao kwa kiganja, funguo zikalia.

Pacha walichungulia kutoka chumbani. "Bibi, kuna nini?"

"Kuna wajinga. Rudini mkasome msije mkawa wao." Akamgeukia mkwewe. "Usiidhinishe."

"Na barua?"

"Nimesema usiidhinishe. Barua tutaililia baadaye."

Mama Pacha alitaka kucheka, akajizuia. "Lakini, mama, kijana amesema jambo moja la kweli. Mtu akiaga halafu harudishi ufunguo kabisa, chumba kinakaa na uzi tu. Unafanyaje?"

"Siku ya saba naenda kugonga mwenyewe. Nikikuta vitu vyake, nampa maneno. Nikikuta patupu, nabadilisha kufuli. Lakini simwingizi mtu kabla sijagonga."

Mama Pacha alichukua penseli ya mmoja wa pacha, akaandika kiganjani: *siku ya saba kugonga.*

*

Jumanne alianza na jaribio. Aliandika mgeni mzito. Alimpa mgeni wa kubuni diski moja, akamwambia aandike majina elfu kumi ya uongo mfululizo, na katikati ya kuandika akamtumia ombi la kuachia diski. Mgeni huyu alikuwa kama fundi cherehani: aliitika, kisha akaendelea na shughuli zake kwa sekunde kumi nzima. Ndani ya sekunde hizo, jaribio lilileta diski ya pili.

Jedwali la Msanifu halikusita. Liliipa diski ya pili nafasi namba nne, ile ile ya diski ya kwanza.

Mama Pacha alifungua diski zote mbili akazisoma. Majina elfu sita mia mbili yalikuwa kwenye ya kwanza. Yaliyobaki yalikuwa kwenye ya pili, yameandikwa juu ya kitu kingine. Hakuna onyo lililotokea. Mgeni alijibu "nimemaliza" kwa furaha zote.

Alirudia mara hamsini, na mara hamsini taa ya jaribio ikawaka nyekundu. Akaliweka kwenye kapu la majaribio yote, yale yanayojiendesha yenyewe kila programu inapofungashwa. Jaribio moja likiwa jekundu, programu haifungashwi.

Jumatano alitengeneza jedwali. Zamani angerudisha mistari yake mia sita kama ilivyokuwa, kwa hasira tu. Sasa alizitazama zile baiti nne za Msanifu, akaona hazikuwa na kosa. Zilikuwa pweke tu. Akaongeza namba ya pili pembeni yake, biti thelathini na mbili nyingine: ya kwanza inasema nani ana nafasi, ya pili inasema nani ameaga. Nafasi ni wazi namba zote mbili zikisema sifuri, basi. Ombi la kuachia likitumwa, biti ya uzi inawaka. Jibu la mgeni likirudi, zote mbili zinazimika pamoja. Uzi ukikaa kupita muda, programu inaenda kugonga: inamuuliza mgeni upya, na asipojibu inapiga kelele kwa binadamu. Haimwingizi mtu kabla ya hapo.

Baiti nane, mistari mia mbili na arobaini. Aliifuta ile "Usiguse hapa", akaandika: "Kuaga si kuhama."

Msanifu aliliona jaribio saa tisa alasiri. Alikuja mpaka mezani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umezuia ufungashaji wa programu nzima."

"Sijazuia mimi. Jedwali lako limeshindwa jaribio."

"Ni jaribio la hila! Hakuna mgeni mzito hivyo duniani. Sekunde kumi?"

"Mdogo wangu, mimi nina pacha. Nikisema 'ondokeni mezani', sekunde kumi ni muujiza."

Safari hii waliocheka hawakujifanya wanakohoa. Msanifu alikunja midomo.

"Lifute."

"Lifute wewe. Linafutika. Bonyeza tu, andika sababu, weka jina lako."

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya ofisi, ya zamani kuliko wote wawili: jaribio lolote laweza kufutwa na yeyote, ila sababu na jina hubaki kwenye kumbukumbu daima, na mteja anayo haki ya kuzisoma.

Msanifu alirudi kwenye kiti chake.

*

Alhamisi saa nne walikuwa watatu ofisini kwa Meneja. Mama Pacha alikikalia kiti kibovu kabla hajaoneshwa chochote. Alionesha jaribio, zile diski mbili, majina yaliyokatika katikati. Kisha akaonesha jedwali lake jipya, jaribio likiwa kijani.

"Msanifu?" aliuliza Meneja.

"Kinadharia inawezekana," alisema Msanifu. "Kinadharia. Lakini kubadilisha jedwali sasa kunataka majaribio yote yarudiwe, siku tatu. Tutachelewa mpaka Jumatatu au Jumanne. Mimi nashauri tulifute jaribio hilo, tukabidhi kesho, kisha tulishughulikie taratibu."

Meneja alishusha pumzi. "Mama Pacha. Mara ya mwisho. Unaidhinisha hili la Msanifu au huidhinishi?"

"Siidhinishi."

"Unajua maana yake."

"Najua. Badilisha mlezi, andika jina lako. Bado jaribio litakuwepo, litakuwa jekundu. Utalifuta pia kwa jina lako, na sababu utaiandika mwenyewe kwa sababu mimi sitakuazima hata neno moja. Nitakaa hapa hapa nione."

Meneja alivuta kibodi. Alibadilisha jina la mlezi, halikumchukua muda. Mama Pacha aliliona jina lake likitoka juu ya faili la miaka minne, lakini hakusogea. Meneja akafungua jaribio, akabonyeza futa. Kisanduku kikatokea: *Sababu.*

Akaandika, "Jaribio halina umuhimu." Akaitazama sababu hiyo. Akafuta.

Akaandika, "Mgeni mzito kiasi hiki hayupo." Akamgeukia Msanifu. "Hayupo?"

"Ni nadra sana."

"Nadra ni kuwepo." Akafuta. Alikaa na vidole juu ya kibodi bila kubonyeza, feni ya dari ikizunguka. "Andika wewe," alimwambia Msanifu. "Wewe ndiye unayeielewa."

Msanifu alivitazama viatu vyake vyeupe. "Kwa utaratibu, bosi, mimi si mlezi wa faili hilo."

"Siku ya kulifyeka ulikuwa mlezi?" aliuliza Mama Pacha.

Meneja alifunga kisanduku kikiwa kitupu, akarudisha jina la mlezi kama lilivyokuwa, akachukua simu. Alitoka nje kuwaambia maabara kwamba watakabidhi Jumanne. Walimsikia kupitia ukuta akiomba radhi mara tatu.

"Zile biti zako ni nzuri," Mama Pacha alimwambia Msanifu walipobaki wawili. "Nimezitumia. Nimeandika ndani kwamba ni zako."

"Baiti nane," alisema kijana. "Ningeweza kukubali baiti nane, ungeniambia tu."

"Jumatatu nilikwambia. Ukanicheka."

Majaribio yalirudiwa siku tatu, yote yakawa kijani, na Jumanne asubuhi Mama Pacha aliliidhinisha faili lake kwa kubonyeza kitufe mara moja. Mchana Meneja alikuja mezani kwake, mbele ya watu wote kumi, akaweka ile barua na kalamu juu yake. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka jambo liishe.

Mama Pacha aliisoma mstari kwa mstari. Kuthibitishwa, sawa. Tarehe, sawa. Cheo: Msaidizi wa Msanifu.

Aliifunika kalamu, akampa vyote viwili.

"Hii nayo ina kosa."

"Kosa gani tena?"

"Mstari wa nne. Simsaidii Msanifu. Nasanifu. Rekebisha, nitatia sahihi."

"Mama Pacha, muundo wa vyeo kwa wenye diploma..."

"Basi rekebisha muundo. Nakungoja. Mimi na wazito tumezoeana."

Nyuma ya skrini ya jirani mtu alicheka, na sauti ilikuwa ya Msanifu.

Jioni, mama mkwe alimpokea mlangoni. Hakumuuliza kama amekula. "Uzi umerudi?"

"Umerudi, mama. Umetoka leo kwenda kwa mteja."

"Na barua?"

Mama Pacha alivua viatu, akapita ukumbini. Kwenye msumari wa nne ufunguo ulikuwa umesharudi, na uzi ulikuwa umelala juu ya ubao bila kazi. Aliuchukua, akamwekea mama mkwe kiganjani.

"Wamesema wanatoa. Ufunguo bado wanao wao."

Mama mkwe aliutazama uzi, akamtazama mkwewe, akaguna.

"Siku ya saba," alisema, "kagonge."